Pumba zinazolainisha mifupa ya farasi

Mara nyingi anayeona kwanza ni mtoto. Kila jioni humpiga farasi brashi, sura yake anaijua, na siku moja anauliza mbona mashavu yamejaa chini ya macho. Wakubwa hudhani ni jino. Wiki zilizotangulia farasi alikuwa akichechemea, leo mguu huu, kesho ule, na lawama zikaenda kwa mawe ya njiani.

Zamani huko Ulaya uliitwa ugonjwa wa wasaga nafaka, kwa kuwa farasi wao ndio walioshiba pumba. Hawakunyimwa chakula, walipewa kingi, ila cha aina moja.

Kilo 1 ya pumba za ngano ina fosforasi gramu 11 hivi, na kalsiamu gramu 1 na kidogo tu. Mwili wa farasi unataka kinyume chake: kalsiamu sehemu 1.5 hadi 2 kwa fosforasi sehemu 1. Farasi mzima wa kilo 500, asiye na kazi, anahitaji kalsiamu gramu 20 na fosforasi gramu 14 kwa siku. Kilo 2 za pumba peke yake zimeshavuka hiyo fosforasi.

Fosforasi ikizidi hivyo, kalsiamu haipatikani ya kutosha, na damu haikubali kupungukiwa. Tezi ndogo za shingoni huagiza itolewe mifupani, ya uso na taya ikiwa ya mwanzo kuathirika, na pengo likajazwa nyuzinyuzi. Ndiyo maana uso hunenepa huku mfupa ukilainika. Kipimo cha damu chaweza kuonyesha kalsiamu ya kawaida kabisa, kwa hiyo majibu mazuri ya maabara yasimtulize mtu.

Nyasi nazo zina lake. Nyasi ya kikuyu, yenye jina la Wakikuyu wa Kenya, ilipelekwa Australia kuwa malisho. Huko, pamoja na setaria, imewaletea farasi ugonjwa huu huu, kwa kuwa ina oksaleti inayoifunga kalsiamu tumboni ikatoka na kinyesi. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vya kuivunja. Basi ng'ombe wa jirani kunawiri hapo si ushahidi kwamba farasi naye yuko salama.

Pumba zipunguzwe, nyasi zichanganywe na alfafa kavu, na unga wa chokaa ya mifugo uongezwe, si ile ya kupaka ukutani. Jiwe la chumvi halitoshi. Mengi ni chumvi tu. Kiasi akipange daktari wa mifugo, akiisha kuona kila kinacholiwa na uzito wake.

Ukiwahiwa, kuchechemea hupungua, ingawa uso uliovimba huenda usirudi ulivyokuwa. Mpaka daktari aruhusu, mtoto aendelee na brashi yake, lakini asimpande. Mfupa uliolainika huweza kuvunjika kwa kujikwaa tu.