Ufundi wa Kucha za Jeli Hupimwa Siku ya Kuzitoa

Katika vijiji na vituo vya biashara vya Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, Kibingo ikiwamo, kucha za jeli hufuata kalenda ya sherehe. Hupakwa kabla ya kumuaga binti au kabla ya harusi ya Jumamosi, na Jumatatu mikono ileile hurudi kumenya ndizi, kuchambua maharage na kuchuma kahawa. Siku ya kupaka huonekana nyepesi: chupa ya rangi, taa ndogo ya kukaushia, na saa moja ya utulivu nyumbani. Shida huja wiki mbili baadaye, jeli inapoanza kuinuka pembeni na maji kupenya chini yake. Hapo mwenye kucha huibandua kwa meno, kwa ncha ya kisu au kwa ukucha wa kidole kingine. Hoja ya makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya madhara tunayoilaumu jeli hutokea siku hiyo ya kuitoa. Kwa hiyo thamani ya fundi aliyefunzwa itafutwe zaidi katika namna anavyotoa kucha kuliko katika urembo wa zile anazopaka.

Ukucha una unene wa takriban nusu milimita, nao umejengwa kwa tabaka nyingi nyembamba za keratini zilizoshikana. Jeli iliyokaushwa kwa taa hung'ang'ania tabaka la juu kabisa. Ukiivuta kwa nguvu, mara nyingi haiachii ukucha. Hutoka na tabaka hilo, na kinachobaki ni ukucha mwembamba wenye mabaka meupe, unaopinda na kuuma ukigusa maji ya moto. Wapo wanaosema ukucha ni kitu kilichokufa, basi hauna cha kuumia. Ni kweli kwamba sehemu tunayoiona haina uhai, lakini ukucha umelala juu ya nyama hai, na hakuna mafuta wala dawa ya kupaka inayoweza kurudisha tabaka lililong'oka. Njia pekee ni kungoja ukucha mpya. Kucha za mikono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo ukucha mzima huhitaji miezi kama 6 kujijenga upya kutoka shinani hadi nchani. Wahenga waliposema kidole kimoja hakivunji chawa, walijua kwamba ukucha ni chombo cha kazi. Kwa mwanamke anayemenya ndizi kila siku, dakika 5 za kubandua zinaweza kumnyima chombo hicho kwa nusu mwaka. Tena ukucha ukiachana na nyama yake, nafasi inayobaki hutunza unyevu na uchafu, na humo bakteria aina ya Pseudomonas huweza kuota na kuugeuza ukucha kuwa wa kijani.

Njia salama ipo, nayo haidai vifaa vya gharama; inadai subira. Kwanza ni kujua umepakwa nini. Rangi ya jeli ya kawaida hulainika kwa asetoni, lakini jeli ngumu ya kurefushia kucha haiyeyuki hata ukiiloweka kutwa. Hiyo hupunguzwa kwa tupa na mkono uliozoea, na si kazi ya kujifunzia nyumbani. Kwa jeli inayolainika, anza kwa kusugua tupa ya kucha juu ya rangi mpaka mng'aro uishe, kwa sababu safu ile ya juu ndiyo inayozuia asetoni kupenya. Paka vaselini au mafuta ya nazi kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Lowesha kipande kidogo cha pamba kwa asetoni, kiweke juu ya ukucha, kisha funga ncha ya kidole kwa karatasi ya foili. Ngoja dakika 10 hadi 15. Ukifungua, jeli itakuwa imevimba na kupasukapasuka, nayo itasogea kwa kusukumwa taratibu na kijiti cha mti. Ikigoma, usiilazimishe, rudisha pamba, ngoja dakika nyingine 5. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na upake mafuta, maana asetoni hukausha sana ukucha na ngozi.

Katika mazingira yetu kuna hatari ambayo maelekezo ya kwenye chupa huigusa kwa maneno machache mno, nayo ni moto. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini kuelekea penye cheche. Jikoni kwenye mafiga, karibu na jiko la mkaa au chini ya mwanga wa kibatari si mahali pa kufungua chupa hiyo. Kazi hii ifanyike mchana, nje au penye upepo, watoto wakiwa mbali, na chupa isipashwe juu ya moto kamwe ili kuharakisha kazi. Thina ya rangi za magari nayo haifai kuwa mbadala, kwani ni mchanganyiko wa vimiminika vingine visivyokusudiwa kugusa ngozi. Baadhi ya watu hupinga njia nzima kwa hoja kwamba asetoni ni sumu, afadhali kubandua. Hoja hiyo inapima vibaya. Mwili wenyewe hutengeneza asetoni kidogo, na kuigusa kwa dakika chache penye hewa, kwenye ngozi isiyo na jeraha, kwa kawaida humalizikia kwenye ukavu unaotibika kwa mafuta. Tabaka la ukucha lililong'oka halitibiki hivyo.

Lipo pia dhara linaloanzia kwenye kupaka, na haki inatutaka tulitaje. Jeli nyingi zina kemikali za jamii ya akrilati, hasa ile iitwayo HEMA. Zikikaushwa sawasawa hutulia. Zikibaki mbichi kwa sababu taa haikuoana na rangi au rangi ilipakwa nene, au zikimwagikia ngozi, huweza kuufundisha mwili mzio. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa tahadhari kuhusu mzio huo, kikizitaja hasa jeli za kujipaka nyumbani. Umoja wa Ulaya nao uliamua kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na wataalamu pekee. Mzio huu kwa kawaida haupoi maishani, na kemikali za jamii hiyohiyo hutumika kuziba meno na kushikizia viungo bandia kwenye mifupa. Ukiona wekundu, muwasho au malengelenge kwenye vidole, au kope zinavimba, acha kupaka na uende kituo cha afya. Usifunike kucha hizo kwa rangi nyingine. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990, lakini kutoka Kyerwa hadi Kilimanjaro ni kuikata nchi. Kinga inabaki kuwa rahisi kuliko safari hiyo.

Hapa ndipo mafunzo yanapoonyesha kazi yake. Fundi aliyefunzwa anajua kutofautisha jeli na jeli, anajua tupa isimame wapi kabla haijala ukucha, na anajua ukucha gani hapaswi kuugusa mpaka daktari auone. Anajua pia kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo chombo cha chuma kilichotoa tone la damu hakipanguswi kwa kitambaa na kupelekwa kwa mteja anayefuata. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha fani ya ususi na urembo, nayo Kagera ina chuo chake. Pingamizi la kawaida ni ada na umbali: binti wa Kibingo hawezi kuacha shamba na watoto akasome mwaka mzima. Pingamizi hilo lina uzito, lakini VETA pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo mtu aliyejifunza kazi mtaani hupimwa, huongezewa pale palipopungua, kisha hupewa cheti. Halmashauri na vikundi vya wanawake vinavyotafuta miradi ya vijana vingefanya jambo la maana kuiombea fani hii utaratibu huo.

Wengine watasema wapo mafundi wenye cheti wanaoharibu kucha, na wasio nacho wenye mikono ya dhahabu. Ni kweli, na ndiyo maana kipimo ninachokipendekeza hakiishii kwenye karatasi iliyotundikwa ukutani. Kabla hujaketi, muulize fundi atazitoaje kucha hizo wiki mbili zijazo, kwa dakika ngapi, na vyombo vyake anavitakasaje. Anayejibu kwamba jeli hubanduliwa tu, hajui kazi, hata kama maua anayochora yanapendeza. Soma chupa pia: tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini Tanzania uko chini ya TBS, shirika la viwango, na bidhaa isiyo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji haistahili kuwekwa kidoleni.

Na kama tayari una jeli inayoinuka, na fundi yuko mbali, na asetoni huna, usiivute. Kata kwa kikata kucha sehemu iliyoachia tu, weka mikono mikavu kadiri uwezavyo, na usubiri mpaka upate asetoni au fundi. Jeli iliyochakaa kidoleni ni aibu ya siku chache. Ukucha ulioraruliwa ni miezi 6.