Mtoto Anapoitwa Kupimwa Makuzi

Fungueni madaftari yenu, lakini msiandike bado. Sikilizeni kwanza.

Tuseme yuko mama anayekaa Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru. Mtoto wake ana miezi 20. Anakaa vizuri, anatambaa, anacheka, lakini hajatembea peke yake. Siku ya kliniki muuguzi alimtazama, kisha akasema, "Mama, juma lijalo umlete tumpime makuzi." Tangu siku hiyo mama hapati usingizi. Bibi wa mtoto anasema, "Mwache, hata baba yake alichelewa." Majirani wanasema mengine, tena kwa sauti ya chini.

Kupima makuzi kwenyewe hakuna sindano. Mpimaji hutazama mtoto anavyosimama, anavyookota kitu kidogo, anavyoonyesha kwa kidole, na maneno anayosema. Mara nyingi ni kama mchezo.

Je, huyu amechelewa? Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana na Oman zikiwamo. Wengine walianza kutembea peke yao kwa miezi 8 hivi, wengine karibu miezi 18. Kwa hiyo jirani ambaye mtoto wake alitembea kwa miezi 10 asimcheke mwenye mtoto wa miezi 15. Lakini miezi 20 imekwisha pita kipimo hicho. Huenda bibi anasema kweli; hata hivyo mtoto atazamwe, maana kama kuna kasoro, mazoezi ya viungo hufaa zaidi yakianzwa mapema.

Sasa sikilizeni vizuri. Mpimaji hukaa na mtoto kwa muda mfupi; nyinyi mnakaa naye usiku na mchana. Anategemea maneno yenu. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Kwa hofu na aibu, mama akiulizwa, "Anasema maneno?" hujibu, "Ndiyo, mengi," kumbe ni mawili. Akina baba nao hufanya hivyo, pengine kuliko akina mama. Jibu la namna hiyo humponza mtoto, kwa sababu atarudishwa nyumbani bila msaada.

Haya, andikeni. Siku chache kabla ya kwenda, mama aandike kila neno analosema mtoto, na kwa lugha gani. Kama nyumbani wanasema Kimeru au Kimaasai, amwambie mpimaji mapema. Mtoto akiulizwa kwa Kiswahili, "Pua iko wapi?" akanyamaza, huenda ni lugha tu iliyomshinda. Aandike kama mtoto hugeuka akiitwa kutoka nyuma, maana asiyesikia hupata taabu kujifunza kusema. Aandike pia kama alizaliwa kabla ya miezi kutimia, kama alichelewa kulia, kama amepata degedege. Na maji je? Maji ya sehemu nyingi za Meru yana floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na ikizidi sana hudhuru hata mifupa. Basi aeleze anakoteka.

Kadi ya kliniki asiisahau. Mtoto awe ameshiba na amelala vya kutosha. Kama bibi ndiye anayeshinda naye, bibi naye aende.

Baada ya kupima, mama aulize: Mmeona nini? Nifanye nini nyumbani? Nirudi lini? Aandike majibu palepale, kwa kuwa mtu mwenye hofu husahau upesi. Pengine ataambiwa ampeleke mtoto Hospitali ya Mount Meru, au KCMC kule Moshi. Akiambiwa hivyo, aulize siku ya kwenda na barua ya kuchukua.

Zoezi la juma hili: mtazame mtoto mmoja wa chini ya miaka mitatu, wako au wa jirani. Andika mambo matano anayoyaweza leo, na moja ambalo bado hajaliweza. Tutayasoma pamoja darasani.