Malakaiti ya Katanga

Donge la malakaiti kutoka Kolwezi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa nje lina vinundu kama kishada cha zabibu. Likikatwa na kung'arishwa, hutokea miviringo ndani ya miviringo: kijani kilichokolea, kisha kilichopauka. Penye nyuzi nene za fuwele rangi hukolea. Penye nyuzi nyembamba hufifia.

Uzuri huo umefanywa na maji. Miamba ya Katanga, eneo lenye Kolwezi, ilijijenga zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, ikiwa na shaba iliyoungana na salfa. Karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa viliigeuza shaba hiyo, ikayeyuka majini, ikakutana na kabonati ya miamba ya dolomaiti, kisha ikaganda mianyani, tabaka juu ya tabaka. Malakaiti safi ni shaba kwa asilimia 57 hivi.

Wenyeji walijua kwamba jiwe hili lina shaba karne nyingi kabla ya Mbelgiji Jules Cornet kuja kupima miamba mwaka 1892. Dalili yake ilionekana juu ya ardhi: vilima vyenye shaba nyingi havioti miti, kwani udongo wake ni sumu. Husitawi mimea inayostahimili shaba, ukiwemo ule uitwao ua la shaba, Haumaniastrum katangense. Kiangazi mafundi walichimba, wakapanga malakaiti na makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakavuta mivukuto. Kwa moto huo jiwe la kijani hutoa shaba nyekundu.

Shaba hiyo iliyeyushwa na kufanywa misalaba. Katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kulingana vipimo kadiri karne zilivyopita, dalili nzito kwamba ilitumika kama fedha. Biashara ya shaba ilimvuta pia Msiri, Mnyamwezi kutoka Tanzania ya leo, aliyetawala kutoka Bunkeya, Katanga, hadi alipouawa na msafara wa Wazungu Desemba 1891.

Kisha ikaja kampuni ya uchimbaji madini ya Union Minière, mwaka 1906. Kilichokuwa kikichambuliwa kwa mkono kikasagwa kwa tani, na vipande vilivyonusurika ni vile ambavyo mtu aliviweka kando.

Ndiyo maana lebo ya kila kipande ni muhimu. Musonoi, Mashamba na Kakanda ni migodi tofauti. Kipande kilichoandikwa "Kongo" peke yake kimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa sayansi. Mnunuzi amuulize muuzaji jina la mgodi na kuliandika papo hapo. Na anayekata jiwe hili akate kwa maji, amevaa barakoa, maana vumbi lake hudhuru mapafu.