Mzigo Tumeutua, Kibaba Tumebaki Nacho



Aliyefika Kwihara, karibu na mji wa Tabora, mahali walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, amekanyaga njia ya zamani ya misafara. Kutoka nchi hii ya Unyanyembe, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Safari ilichukua miezi miwili, mitatu, au zaidi. Posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, kama robo tatu ya kilo.

Hatusimulii haya ili kuyasifu maisha yale. Wengi walikufa njiani kwa njaa, ndui na uchovu, na njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Tunayasimulia kwa sababu ya hesabu moja tu. Kibaba kile kililiwa na mtu aliyetembea tangu alfajiri na kilo 32 begani. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mzigo ukapanda garimoshi. Leo kuna basi, bajaji, na bodaboda inayotufikisha mpaka mlangoni. Mzigo tumeutua. Lakini kibaba tumebaki nacho, tena tumekiongezea mafuta, sukari na soda.

Ugonjwa usiopiga hodi

Chakula kisichotumiwa na mwili hugeuka mafuta. Polepole mwili huelemewa, na hapo shinikizo la damu na kisukari hupata nafasi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kiasi cha mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wa watu wa namna hiyo hawajijui, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hauumi.

Matokeo yake tumeyaona vijijini na mijini. Mtu analala mzima; asubuhi mkono haushiki kikombe na mdomo umekwenda upande. Jamaa wanaanza kuulizana ni nani amemtupia kitu, na siku zinapita wakizunguka kwa waganga. Ndugu wasomaji, hicho mara nyingi ni kiharusi. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali saa ile ile, maana saa za mwanzo ndizo zenye msaada mkubwa.

Kuna jambo jingine linalotuzuia. Kwetu kitambi huhesabiwa kuwa dalili ya neema, na mtu akikonda kidogo majirani wananong'ona kwamba ni mgonjwa. Hivyo wengi huogopa kupungua hata pale wanaposhauriwa na daktari. Inafaa tuanze kuyabadili mazungumzo hayo majumbani mwetu. Anayepungua ghafla bila sababu akapimwe; lakini anayepungua kwa kula vizuri na kutembea tumpe moyo.

Tuanze na nini?

1. Sahani. Nusu yake iwe mboga na matunda, robo iwe ugali, wali au viazi, na robo iwe maharage, kunde, njugu mawe, samaki au dagaa. Wengi wetu hufanya kinyume: mlima wa ugali na mboga kijiko kimoja. Ugali wa dona, mtama au uwele ni bora kuliko sembe nyeupe, kwa sababu pumba zake hulisaidia tumbo na kushibisha mapema.

2. Mboga za kwetu. Hatuna haja ya vyakula vya gharama. Mlenda, mgagani, kisamvu, majani ya kunde na ya maboga vinapatikana kwa bei ndogo au bila bei. Kiangazi tuna nsansa. Michembe na matobolwa ya viazi vitamu ni kitafunio bora kuliko maandazi. Maembe ya Tabora huoza chini ya miti huku watoto wakipewa fedha za kununua peremende! Karanga ni nzuri pia, lakini zilizoota ukungu zitupwe, maana zina sumu inayodhuru ini.

3. Chumvi, sukari na mafuta. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki wa chumvi. Basi kopo la chumvi liondoke mezani. Chupa moja ya soda inaweza kuwa na sukari kama vijiko vya chai vinane. Na asali yetu? Tunajivunia asali ya miombo, lakini nayo ni sukari. Wapo wagonjwa wa kisukari wanaoambiwa kwamba asali haina madhara kwao. Hilo si kweli.

4. Miguu. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mwendo kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Tembea kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Shuka kwenye bodaboda kabla ya kufika. Nenda sokoni kwa baiskeli. Lima bustani, cheza ngoma. Watoto wanahitaji saa moja ya kucheza na kukimbia kila siku.

5. Kupima. Kila mtu mzima apimwe shinikizo la damu, hata kama hajisikii vibaya. Aliyekwisha kuanza dawa asiziache kwa sababu ameanza mazoezi. Mwenye maumivu ya kifua au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Si kwa wote kwa kipimo kimoja

Tusije tukaeleweka vibaya. Mkulima aliye shambani na jembe masika yote amekwisha kufanya mazoezi, na anahitaji chakula cha kutosha. Mama anayechota maji mbali na kubeba kuni haitaji kuambiwa atembee. Anahitaji mapumziko, mlo kamili, na mume wa kumsaidia ndoo. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasipunguziwe chakula. Maneno yetu yanawahusu zaidi wanaokaa ofisini, dukani, kijiweni na kwenye usukani, na hata mkulima wakati wa kiangazi anaposhinda chini ya mwembe.

Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Maradhi haya yalitujia hivyo hivyo, kijiko kwa kijiko, na afya nayo hurudi kwa njia hiyo. Juma hili chagua jambo moja tu kati ya haya matano, ulifanye na wote wa nyumbani mwako. Likishakuwa mazoea, ongeza la pili. Wapagazi hawakufika Bagamoyo kwa siku moja. Walifika kwa sababu kila asubuhi waliondoka kambini.

Tunawatakia afya njema.