Kumfunza Mume Apigaye Mkewe

Katika kata ya Mzinga, mjini Morogoro chini ya milima ya Uluguru, mke aliyechoka kupigwa na anayetaka talaka hana budi kupitia mlango ule ule aliowekewa kila Mtanzania na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, yaani baraza la usuluhishi, kwa kuwa mahakama, isipokuwa katika hali chache, haipokei dai la talaka mpaka baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ilhali sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 66, imekataza katakata mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, desturi iseme isemavyo.

Udhuru wa mume aghalabu haubadiliki: hasira zilinizidi, shetani alinipitia. Ajabu ya shetani huyo ni kwamba hampitii mtu mbele ya msimamizi wake kazini, ijapokuwa ametukanwa mchana kutwa. Humngoja afike kwake na kufunga mlango. Nao wasuluhishi, kwa nia njema, huwasihi wote wawili, mume apunguze ukali na mke apunguze maneno, kana kwamba dhulma ile waliitenda kwa ubia.

Fikira hiyo ndiyo iliyopingwa katika mji wa Duluth, Marekani, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ellen Pence, Michael Paymar na wenzao walianzisha darasa la waume wapigao, wengi wao wakipelekwa kwa amri ya hakimu. Kutokana na masimulizi ya wanawake zaidi ya 200, ilidhihirika kwamba kipigo hakisimami peke yake, bali huambatana na vitisho, matusi, kunyimwa fedha, kutengwa na ndugu na kutishiwa kunyang’anywa watoto, yote kwa kusudi la kumtiisha mke. Darasani mume hutakiwa asimulie tukio moja tangu mwanzo hata mwisho: alitenda nini, alikusudia kupata nini, mke alidhurika vipi, wala neno “aliniudhi” halikubaliwi kuwa jibu.

Haifai kulitukuza mno darasa hilo, kwani tafiti za Marekani zimeona taathira yake kuwa ndogo. Ya Kampala yana matumaini zaidi: programu ya SASA! ya shirika la Raising Voices, iliyojaribiwa kati ya 2007 na 2012, haikuwangoja waliokwisha kushtakiwa, bali iliwatumia wakazi wenyewe, wanaume kwa wanawake, kujadili mamlaka ya nyumbani; na katika mitaa ile wanawake waliopigwa na wenzi wao ndani ya mwaka walikuwa pungufu kwa kadiri ya asilimia 52 kuliko mitaa isiyofikiwa.

Nikirudi Morogoro, kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama na mjomba ni mtu wa kusikilizwa, mimi ningeanzia kwa mjomba. Asiwaulize waligombania nini. Amkalishe mume peke yake, amwulize alipiga ili apate nini. Lakini kabla ya hayo amwite mke kando, ajue kama usiku huo anaweza kulala pale kwa amani, au atafutiwe pengine.