Kwa nini mama hayupo kwenye picha za Disney? Hivi ndivyo wapiga picha wa pale wanavyofanya kazi

Mama yangu mkubwa alipokwenda kumwona binti yake Marekani, walimpeleka Orlando, Florida, kwa siku mbili. Picha zikaanza kumiminika kwenye group la familia. Wajukuu na Mickey. Bibi na wajukuu. Shemeji anakula aiskrimu. Zilipita 200.

Aliyekosekana ni dada, mwenye safari yake. Yeye ndiye alikuwa ameshika simu.

Picha moja tu ina watu wote. Ilipigwa na mpiga picha wa palepale, na ndiyo iliyo kwenye fremu sebuleni Morogoro hadi leo. Mama mkubwa alishatangulia mbele za haki. Nyingine kama hiyo haitapigwa tena.

Kama unapanga safari ya aina hii, au una ndugu ughaibuni anayetaka kuwatembeza wazazi, soma hii kabla hamjafika getini.

Hao wapiga picha ni akina nani?

Walt Disney World ilifunguliwa mwaka 1971, na sasa ina bustani nne za burudani: Magic Kingdom, Epcot, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Ndani yake kuna wapiga picha wa Disney wenyewe. Huduma yao inaitwa PhotoPass.

Utawakuta sehemu zenye mandhari nzuri: mbele ya kasri la Cinderella, karibu na ule mti mkubwa wa Tree of Life, na pale watoto wanapopanga foleni kumsalimia Mickey.

Hutoi hela hapo. Mnasimama, anapiga, halafu anaskani msimbo kwenye simu yako au bangili ya MagicBand kama umevaa. Baadaye picha zinaingia kwenye programu ya My Disney Experience.

Kupigwa ni bure, kuziangalia ni bure. Malipo yanaanza ukitaka kupakua picha safi, isiyo na maandishi ya kampuni juu yake.

Inagharimu kiasi gani?

Kuna njia mbili. Unanunua picha mojamoja, ambayo ni karibu dola 20 kila moja. Au unachukua kifurushi cha Memory Maker, kinachokupa picha zote za safari kwa kama dola 200. Hiyo ni karibu nusu milioni ya Kitanzania. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo iangalie kwenye programu yao kabla ya kuamua.

Hesabu ni rahisi. Ukitaka picha mbili tatu za ukutani, nunua mojamoja. Zikianza kukaribia kumi, kifurushi kina nafuu. Na kama mnakwenda siku moja tu, uliza kifurushi cha siku moja.

Kifurushi kinabeba pia picha za kamera zilizofungwa kwenye baadhi ya michezo, kama Space Mountain na Expedition Everest. Zile ambazo shemeji anaonekana anapiga kelele kuliko watoto.

Mtego wa siku tatu

Memory Maker ukiinunua mapema, bei inapungua. Lakini inunue angalau siku tatu kabla ya picha ya kwanza. Ukiinunua leo kwa bei hiyo na kesho mkaanza kupigwa, picha za siku hizo za mwanzo hazitahesabika kwenye kifurushi.

Jambo jingine: mkienda familia mbili, msinunue vifurushi viwili. Mkiunganishwa kwenye orodha ya ndugu na marafiki ndani ya programu na kuruhusu kushirikiana picha, kimoja kinawatosha. Malizeni hilo mkiwa bado nyumbani, siyo getini watoto wanalia.

Sina hela ya kifurushi, nifanyeje?

Mpe simu yako. Kweli kabisa. Wapiga picha hao kwa kawaida hukubali kukupigia na simu yako baada ya kumaliza kupiga na kamera yao, bila malipo. Wengi hawajui, wanaona aibu kuomba.

Hiyo peke yake inatosha kumwingiza mama kwenye picha.

Mbona zangu nyuso zinatoka nyeusi tii?

Hili linatuhusu sana. Kamera ya simu inapima mwanga wa picha nzima. Mkisimama mbele ya kasri lenye rangi nyepesi, na nyuma kuna anga la Florida linalowaka, simu inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Kasri linapendeza, nyuso zenu zinazama gizani. Kwa ngozi nyeusi inakuwa mbaya zaidi.

Mpiga picha mzoefu anapima mwanga wa uso, siyo wa anga, na inapobidi anaongeza flashi. Usiku ndiyo utaona tofauti kubwa, kwa sababu lazima nyuso na taa za nyuma zote zionekane.

Kwa simu yako, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha kwenye simu nyingi itatokea alama ya jua. Ivute juu mpaka sura ionekane vizuri. Anga likififia, liache. Hamkwenda kupiga picha ya anga.

Naruhusiwa kwenda na mpiga picha wangu?

Kupiga picha zenu za familia hakuna shida. Ila kazi ya biashara ndani ya bustani bila kibali hairuhusiwi, kwa hiyo usimkodi fundi wa mtaani ukadhani ataingia na mitambo yake. Fimbo za selfi nazo zilipigwa marufuku tangu mwaka 2015.

Lini na wapi?

Asubuhi, mara tu mkiingia. Nguo bado safi, watoto hawajachoka, jua halijawa kali. Ikifika saa nane mchana hakuna atakayekubali kutabasamu, na miezi ya kiangazi mvua za radi hupenda kuja mchana.

Kama mna mzee, mpelekeni Animal Kingdom, kwenye kijiji cha Harambe. Kimejengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu, hasa Lamu, na kuna maandishi ya Kiswahili ukutani. Mama mkubwa aliyasoma kwa sauti, kisha akauliza kama watu wa pale wanajua maana yake. Picha yao ya wote ilipigwa huko.

Usisahau siku 45

Picha ambazo hujazinunua hufutwa baada ya siku 45 tangu zipigwe. Ukizilipia, zipakue mapema kwa Wi-Fi, uzihifadhi sehemu mbili. Kuzirusha WhatsApp siyo kuhifadhi, kwa sababu inapunguza ubora, na ukija kuchapisha kubwa zinatoka na ukungu. Ukilazimika, zitume kama faili.

Na walio Ulaya: Disneyland Paris ina PhotoPass yake yenye vifurushi vyake. Usilipie cha Florida ukitegemea kukitumia Ufaransa.

Vingine vyote mnaweza kuruka. Lakini siku ya kwanza asubuhi, tafuteni mpiga picha mmoja, kila mtu aweke simu mfukoni, msimame wote. Dakika tano tu. Anayeshika simu kila siku, huyo awekwe katikati.