Wagoni za wakubwa: mafundi wa treni ndogo wanavyookoa kile ambacho moto na chuma chakavu vimekula

Wagoni ya treni iliyobeba mwili wa Raisi Abraham Lincoln wa Marekani haiko tena. Iliondoka Washington tarehe 21 mwezi wa nne 1865 ikiwa na jeneza lake na la mtoto wake Willie, ikapitishwa mji kwa mji ili watu waage, na tarehe 3 mwezi wa tano ikafika Springfield, jimbo la Illinois, baada ya safari ya zaidi ya kilometa 2600. Mwaka 1911 moto wa nyasi uliikuta imeegeshwa karibu na Minneapolis, ukaiteketeza. Zilibaki picha chache, zote za nyeusi na nyeupe.

Kwa miaka karibu mia moja hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika wagoni hiyo ilikuwa ya rangi gani. Walioiona kwa macho waliacha maelezo yasiyolingana. Aliyepata jibu hakuwa mwalimu wa historia. Alikuwa mtaalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Arizona, Wayne Wesolowski, mtu anayejulikana huko Marekani kwa kutengeneza treni ndogo. Alikuwa amekwisha kujenga mfano wa wagoni ya Lincoln kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Kipande cha mbao cha dirisha la wagoni ile, kilichookolewa na kutunzwa na familia moja ya Minnesota, ndicho kilichomsaidia. Alichunguza rangi iliyobaki juu yake na kukuta nyekundu iliyokolea sana, ile ambayo wengine wanaita damu ya mzee. Wajenzi wa Illinois walioiunda upya wagoni hiyo kwa ukubwa wake kamili, kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka 150 mwaka 2015, waliipaka rangi hiyo.

Wagoni ya Lincoln ilikuwa moja ya jamii ndefu: wagoni zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mkubwa na watu wake. Huko Marekani kila kampuni ya reli ilikuwa nazo. Mkurugenzi, mkaguzi wa njia na mkuu wa jimbo la reli, kila mmoja alisafiri na biro yake. Wagoni kama hiyo ilifungwa nyuma kabisa ya treni ya kawaida, na haikufungwa nyuma kwa bahati tu. Mwishoni mwa treni mkubwa aliweza kukaa kwenye saloo yenye madirisha mapana, au kusimama kwenye kibaraza cha wazi chenye vyuma vya kushikilia, na kuiangalia reli ikikimbilia nyuma: mataruma yaliyooza, mawe yaliyopungua, daraja linalohitaji kazi. Katikati kulikuwa na vyumba vya kulala, kisha chumba cha kulia, na upande wa mbele jiko na kijichumba cha wafanyakazi. Mkubwa aliamka, akala, akasaini barua na kufukuza watu kazi bila kushuka chini.

Matajiri walipoona hivyo, nao wakataka zao. Kampuni iliyonufaika zaidi ilikuwa ya George Pullman wa Chicago, iliyoundwa mwaka 1867. Ilitengeneza wagoni za kulala za abiria kwa maelfu, lakini pia za kipekee kwa mwenye kulipa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Pullman ilitoa wagoni sita za kukodisha zilizofanana, na kila moja ikapewa jina la msafiri maarufu: Marco Polo, Ferdinand Magellan, Robert Peary, Roald Amundsen, David Livingstone na Henry Stanley. Msomaji wa Kindu au Kisangani atasimama kidogo kwenye majina hayo mawili ya mwisho. Livingstone alikuwa Nyangwe, Maniema, mwaka 1871, alipoona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni. Stanley, Bula Matari wa wazee wetu, alifika hapo hapo mwaka 1876 na kukutana na Tippu Tip kabla ya kuteremka na mto. Mizigo yake yote ilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Miaka hamsini baadaye, tajiri wa Marekani aliweza kulala ndani ya Henry Stanley, juu ya shuka safi, na kuletewa kahawa asubuhi.

Kati ya hizo sita, Ferdinand Magellan ndiyo iliyopata jina kubwa. Ilijengwa mwaka 1929. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, iligeuzwa kuwa wagoni ya Raisi Franklin Roosevelt. Vyumba vya kulala vilipunguzwa kutoka vitano hadi vinne ili saloo na chumba cha kulia vipanuke. Pande zote, sakafu na dari vikawekewa bamba za chuma zenye unene wa zaidi ya sentimeta moja na nusu, na madirisha yakapata kioo cha kuzuia risasi, chenye unene wa sentimeta saba na zaidi. Milango miwili ya siri ya kutorokea iliongezwa. Baada ya kazi hiyo ilikuwa na uzito wa tani karibu 129. Hakuna wagoni ya abiria iliyoizidi kwa uzito huko Marekani. Serikali iliinunua kwa dola 10.

Baada ya Roosevelt alikuja Harry Truman, yule aliyetoa ruhusa ya kutupa bomu la Hiroshima, ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa kwetu Shinkolobwe. Mwezi wa tatu 1946 alisafiri ndani ya Magellan pamoja na Winston Churchill kwenda Fulton, Missouri, ambako Churchill alitoa hotuba yake juu ya pazia la chuma. Mwaka 1948 Truman alifanya kampeni nzima ya uchaguzi kwenye kibaraza cha nyuma. Treni ilisimama hata kwenye vituo vidogo, raisi akatoka, akahutubia watu dakika chache, akaondoka. Picha yake akicheka na gazeti lililotangaza kimakosa kwamba ameshindwa ilipigwa kwenye kibaraza hicho hicho, huko St. Louis. Leo Magellan iko katika jumba la makumbusho ya reli mjini Miami.

Afrika nayo ilikuwa na wagoni za wakubwa. Iliyo maarufu kuliko zote iko Nairobi, katika makumbusho ya reli, na habari yake si ya anasa. Mwezi wa sita 1900, afisa wa polisi wa reli ya Uganda, Charles Ryall, alikwenda na wagoni yake ya ukaguzi hadi kituo cha Kima, kwa sababu simba alikuwa anakula watu hapo. Pamoja naye walikuwa Wazungu wawili, Huebner na Parenti. Wagoni iliegeshwa pembeni, na Ryall akakaa zamu na bunduki. Usingizi ukamshinda. Simba aliingia kwa mlango, akasimama juu ya Parenti aliyelala chini, akamshika Ryall na kutoka naye kwa dirisha. Wagoni hiyo ya mbao bado inaonyeshwa, na watoto wa shule wanapelekwa kuiangalia.

Kwetu Congo, reli ya Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Kisangani na Ubundu, ilifunguliwa mwaka 1906, na njia ya kutoka mto Lualaba ilifika Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915. Mwaka 1928 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alikuja na malkia wake kuzindua reli ya Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo.

Ni hapa ambapo kazi ya fundi wa treni ndogo inaanza kuwa ngumu. Wagoni ya mizigo ni rahisi: zilitoka kiwandani elfu moja zinazofanana, na kiwanda cha treni ndogo kinaweza kutoa nyingine elfu moja bila kumdanganya mtu. Wagoni ya mkubwa ilikuwa peke yake. Hata zile sita za Pullman, zilizoanza zikifanana, kila moja ilienda njia yake. Huyu aliziba dirisha, yule aliongeza tangi la maji chini ya sakafu, mwingine alibadilisha taa. Ndiyo maana wapenzi wa treni ndogo wanasema kwanza chagua mwaka, kisha chagua wagoni. Magellan ya 1929 si Magellan ya 1948.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni cha moja kwa 87. Mtu wa kimo cha kawaida anakuwa na urefu wa sentimeta mbili. Magellan, yenye zaidi ya mita 25, inakuwa karibu sentimeta 29, na hilo ni tatizo la kwanza, kwa sababu reli za treni za watoto zinazunguka kwa kona kali. Wagoni ndefu ikipita hapo inajigonga na ile iliyo mbele, au inaruka njia. Anayeitaka itembee vizuri anahitaji kona pana, na kona pana inahitaji chumba. Wengi wasio na chumba wanaiweka kwenye kabati la kioo, na hakuna ubaya.

Kuna jambo moja la hesabu linalofurahisha. Chama cha kitaifa cha mafundi wa treni ndogo cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1935, kinashauri uzito kwa kila urefu wa wagoni ili isiyumbe. Kwa wagoni ya sentimeta 29 ushauri huo unatoa gramu karibu 190. Ukichukua tani 129 za Magellan yenyewe na kuzigawa kwa 87 mara tatu, kwa urefu, upana na kimo, unapata gramu 196. Wagoni nyingine ndogo huwa nzito kupita kiasi zikilinganishwa na za kweli. Hii ya raisi inakaribia sana uzito wake halali.

Mwili unatengenezwa kwa plastiki, kwa shaba nyeupe au ya manjano, na siku hizi kwa mashine za kuchapa vitu vya plastiki. Zile za shaba zilizounganishwa kwa mkono huko Japani na Korea ya Kusini zinauzwa kwa feza nyingi. Rangi ina siri yake pia: ukipaka kitu kidogo rangi ile ile kamili ya kitu kikubwa, ndani ya nyumba kitaonekana cheusi. Fundi mzoefu anaongeza nyeupe kidogo. Hata damu ya mzee ya Lincoln, kwenye wagoni ya sentimeta chache, lazima ipunguzwe ili ionekane ya kweli.

Michoro ya asili ndiyo mali kubwa kuliko zana zote. Hati za kampuni ya Pullman zimehifadhiwa katika maktaba ya Newberry, Chicago, na watu wanaofuatilia wagoni moja tu wanaweza kuzichimba kwa miezi.

Lakini mifano mingi mizuri ina upungufu ambao haupimwi kwa rula. Ndani ya saloo fundi anaweka viti, taa zinazowaka, hata gazeti juu ya meza, pamoja na bwana mmoja mwenye kofia. Mtu aliyetandika kitanda na kupika chakula mara nyingi hayupo. Pullman aliwaajiri Weusi, wengi mwanzoni wakiwa watumwa walioachiwa huru juzi tu, na abiria waliwaita wote George, kwa jina la mwenye kampuni, bila kujali jina lao. Mkongomani aliyesikia babu yake akiitwa boi hadi uzeeni hahitaji kuelezewa zaidi. Baada ya Pullman kufa mwaka 1897, aliyeongoza kampuni hiyo alikuwa Robert Lincoln, mtoto wa yule raisi aliyevunja utumwa. Wahudumu waliunda chama chao cha kazi mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na walipambana miaka 12 kabla ya kampuni kusaini nao mkataba mwaka 1937. Mfano wa wagoni ya mwaka 1936 na wa mwaka 1938 unaweza kuwa na rangi moja na viti vile vile, lakini mtu anayesimama mlangoni na koti jeupe hana hali ile ile.

Wagoni za kweli zinazoendelea kutembea zinapungua. Wenye nazo binafsi walizoea kuzifunga nyuma ya treni za Amtrak, kampuni ya abiria ya Marekani. Mwaka 2018 Amtrak ilibana ruhusa hiyo na kupunguza vituo ambako zinaweza kuunganishwa, na wenye wagoni waliokuwa wakilipia matengenezo kwa kuzikodisha wakajikuta na chuma kizito kisicho na safari. Makampuni machache ya mizigo bado yana treni zao za heshima. Mwezi wa 12 mwaka huo huo, Union Pacific ilibeba mwili wa Raisi George H. W. Bush huko Texas, ndani ya wagoni iliyowekewa pande za kioo ili watu waliosimama kando ya reli waone jeneza.

Kwa anayeishi Kalemie, Kindu au Lubumbashi na anayetaka kuanza, hakuna haja ya kusubiri sanduku kutoka ng'ambo. Watoto wetu wanatengeneza malori ya waya na makopo yenye usukani unaogeuka, na mikono hiyo hiyo inatosha. Kinachotakiwa kwanza ni vipimo. Omba ruhusa kwa wenye gare, nenda na futi ya kupimia na mtu wa kushika upande wa pili. Piga picha ya pande zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ukisimama wima na wagoni, si kwa kukata kona. Pima urefu, kimo cha madirisha, na nafasi kati ya magurudumu. Andika namba iliyobaki ubavuni na tarehe ya siku hiyo. Kama rangi inabanduka, okota kipande kilichoanguka chini na ukifunge ndani ya karatasi.